Taa ya Ghorofa ya Tatu

Mei 6, Jumamosi

Mvua za plamu, zile zinazonyesha matunda hayo yakiiva, zimeanza. Viatu vya shule nilivyovisahau chini ya kitanda vimeota ukungu wa kijivu, laini kama manyoya ya paka. Nimevipangusa kwa kitambaa chenye siki.

Mwalimu Liao ametuagiza tuandike shajara mpaka muhula uishe. Alisema, kama hujui unachohisi, andika ulichokiona. Kanuni hiyo nimeipenda, nami nitaifuata.

Mama alifariki Januari. Naandika sasa hivi ili nisilazimike kuandika tena. Siku ya mazishi tulipiga magoti hadi miguu ikafa ganzi. Nilipoinuka nilingoja ule mchomo unaokuja damu inaporudi. Sikumbuki kama ulikuja.

Bibi, mama yake Mama, aliteleza bafuni mwezi Machi akavunjika nyonga. Yuko katika makao ya wazee mlimani, nyuma ya bandari, ghorofa ya tatu. Nyonga imeunga. Kinachombakisha kule ni kikohozi. Daktari anasema kifua chake hakipatani na ukungu, na hatamruhusu atoke akiwa anakohoa hivi. Bibi anasema lazima awe nyumbani Sikukuu ya Mashua za Joka, tarehe ishirini na mbili Juni.

"Nani atafunga wali wa sikukuu kwenye majani?" aliniuliza kwa simu. "Baba yako?"

Mei 7, Jumapili

Ghorofa ya tatu inanuka soksi zilizosahauliwa ndani ya mfuko wa plastiki. Harufu inatoka kwenye matundu ya hewa darini. Wazee wamelala chini yake na blanketi hadi kidevuni, maana kiyoyozi hakizimwi. Kikizimwa, kuta zinatoka jasho.

Kitanda cha Bibi kiko dirishani. Jirani yake ni Bibi Tu, ambaye meno ya mbele hana ila maneno anayo yote.

"Mjukuu wako kakonda," alimwambia Bibi, nami nimesimama palepale.

"Kakonda wapi! Karefuka," Bibi akajibu, kisha akakohoa hadi nikamshikia beseni.

Leo nimekwenda na Baba kikazi. Zamani Mama ndiye aliyemshikia tochi. Baba ni fundi wa viyoyozi, na makao wamemwita atafute dawa ya ile harufu. Msimamizi ni Bi. Kang, mwanamke mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni. Unamsikia kabla hujamwona.

Mashine ya hewa ni kabati la chuma refu kuliko Baba, limewekwa katika chumba mwisho wa korido. Baba alifungua mlango wake akaniambia nimulike. Koili, yale mabomba membamba yanayopoza hewa, zilikuwa zimefunikwa ute mweusi. Hewa yote ambayo Bibi anavuta inapita hapo kwanza.

Baba anataka kuweka taa mbili za urujuanimno, mwanga ambao jicho haliuoni. Zinawaka mchana na usiku zikiielekea koili, na ukungu haupati nafasi ya kuota.

"Fundi Chuang," Bi. Kang alisema, "hiyo taa yako ni dawa au ni ya disko?"

"Ni taa," Baba akasema.

Mama angekuwepo angecheka, angemshika Bi. Kang mkono, na kazi ingekubaliwa kabla chai haijapoa. Baba hujibu alichoulizwa tu. Bi. Kang akanigeukia mimi.

"Shangazi," nikasema, kama tunavyowaita wanawake wa rika la Mama, "haimtibu mtu. Inazuia ukungu usiote ndani ya mashine. Mtu anapata nafuu mwenyewe." Nilikuwa nimekariri hayo garini.

"Haya. Lakini nikiona haifai, mtakuja kuing'oa wenyewe."

Simpendi.

Mei 9

Mvua. Hesabu. Mvua.

Mei 12

Baba bado anajifunika lile blanketi zito la pamba la majira ya baridi. Usiku amelala upande wake tu, na upande wa pili umetandikwa vizuri. Watu wazima husema usikunje blanketi la baridi kabla hujala wali wa Mashua za Joka, kwa kuwa baridi inaweza kurudi. Lakini jasho linamtoka.

Mei 14, Jumapili

Tumefunga taa.

Baba alisugua koili asubuhi nzima. Maji yaliyotoka yalikuwa kama wino. Nilimshikia tochi na kumpa bisibisi. Mara mbili nilimpa isiyo sawa. Alinirudishia tu akangoja.

Alinionyesha swichi iliyopo mlangoni. Mlango ukifunguliwa, taa inazimika yenyewe.

"Usiiangalie kamwe ikiwa inawaka," akasema. "Inachoma macho na hujui mpaka kesho yake. Hata plastiki inaila. Ndiyo maana nimezifunika nyaya kwa bati. Ukitaka kujua kama inafanya kazi, chungulia kwenye kioo hiki, kinazuia."

Nilichungulia katika kidirisha kidogo. Ndani mlikuwa na rangi ya buluu tulivu, kama televisheni inayowaka kwenye nyumba ya jirani.

"Inaua kila kitu?" nikauliza.

"Inachokiona. Kilicho kivulini haikifikii."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi aliyonipa tangu Januari.

Kisha akaniambia nishushe ngazi nikaipange garini. Kawaida yeye ndiye anayetangulia na vifaa, na Mama alikuwa anabaki nyuma kidogo. Leo alibaki yeye, akakawia kushuka. Nilipanda tena kuchukua mwavuli nikaona mlango wa mashine umefungwa na juu ya mashine hapana kitu.

Mama hakuwahi kuacha mashine hivyo. Kila kazi ilipokwisha alitoa mkobani pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, vile ambavyo kila ofisi na kila kituo cha treni huweka juu ya mashine ili itulie, akaitazama tarehe yake, akaiweka. Lazima iwe ya kijani. Ya njano au nyekundu inaichokoza mashine. Na pakiti ya mashine haiguswi na mtu mwingine, hata akiwa na njaa. Baba alikuwa akimcheka: "Mashine inasikia bisibisi, haisikii mahindi." Mama akamjibu: "Wewe irekebishe, mimi nitaibembeleza."

Nilitaka kumwambia Baba kwamba juu hapana kitu. Nikaona si kazi yangu.

Mei 20

Mtihani wa kuingia sekondari ya juu. Nimejibu yote.

Mei 21

Mtihani. Nimejibu yote. Wenzangu walikumbatiana getini, na mimi nikakumbatiwa pia.

Mei 24, Jumatano

Sina tena cha kusoma, kwa hiyo baada ya shule nimepanda mlimani. Harufu imepungua. Si mimi niliyegundua, ni Bibi Tu.

"Leo nimenusa supu kabla haijafika mlangoni," akasema. "Afadhali zamani. Sasa najua wanachotulisha."

Bibi alikohoa mara chache tu. Alinisuka nywele. Vidole vyake ni vikavu na vinavuta.

Mei 28, Jumapili

Hakuna harufu kabisa. Bibi alitembea hadi mwisho wa korido na kigari chake, akarudi, na bado alikuwa na pumzi ya kumsengenya Bibi Tu.

"Anakoroma," akanong'ona.

"Nakusikia!" Bibi Tu akasema. "Na wewe zamani ulikuwa unakohoa kama pikipiki mbovu, nani alilalamika?"

"Wewe!"

"Basi ndiyo zamu yako."

Baba alisimama mlangoni akisikiliza. Nadhani alitabasamu. Nimeandika nadhani kwa sababu sikuwa na hakika.

Bi. Kang alikuwa chumba cha mashine, uso ameubandika kwenye kile kidirisha. Alipotuona akaondoka. Anatafuta kosa.

Juni 1

Nimenunua majani ya mianzi ya kufungia wali. Mwuza majani alikuwa akimpunguzia Mama. Hakunikumbuka.

Juni 4, Jumapili

Bi. Kang tena, kwenye kidirisha. Safari hii hakuondoka. Uso wake ulikuwa umekunjamana.

"Wewe," akaniita. "Baba yako anatumia vitu vipya, au vilivyopitwa na tarehe?"

"Vipya," nikasema.

"Una hakika?"

"Baba yangu hawezi kuweka kitu kibovu, shangazi."

Akazitikisa funguo zake, akaenda zake. Moyo wangu ulikuwa unadunda. Nimeandika hivyo kwa kuwa niliusikia. Hasira yenyewe sikuiona. Sikumwambia Baba.

Juni 8, Alhamisi

Bibi anakohoa.

Juni 10, Jumamosi

Mvua haijakatika tangu juzi. Ile harufu imerudi. Dari ya korido inavuja karibu na chumba cha mashine, na wameweka ndoo. Bibi anakohoa hadi midomo inabadilika rangi. Bibi Tu hakutania. Alikuwa amemshika Bibi mkono, kitanda kwa kitanda.

Niliwahesabia siku zilizobaki kabla ya sikukuu, halafu nikaacha.

"Mwambie baba yako aje kesho na nyundo," Bi. Kang akasema. "Aing'oe taa yake. Daktari anakuja tarehe ishirini, na mimi nitamwambia nini?"

Juni 11, Jumapili

Nitaandika kwa mfuatano, kama ilivyotokea.

Baba alikuja na vifaa. Bi. Kang alitungoja mlangoni mwa chumba cha mashine, mikono kifuani. Maji yalikuwa yametanda sakafuni.

Baba alisema atabadilisha kichujio kwanza. Nikashangaa. Maji yakimwagika, hata mimi najua, unaanza na trei ya maji chini ya koili. Lakini alikwenda kwenye kichujio, akakitoa, akakitazama, akakirudisha. Kisha akasimama.

"Fungua, fundi," Bi. Kang akasema. "Unaogopa nini?"

Akafungua. Taa zikazimika. Nikamulika.

Koili ilikuwa inang'aa. Nataka iandikwe hivyo, kwa sababu ni kweli: kila mahali mwanga ulipofika, chuma kilikuwa safi kama siku tuliyokisugua. Lakini nyuma ya mkono wa taa ya kwanza palikuwa pamebanwa kitu. Kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nilikigusa kikavunjika kama jani kavu, na ndani ya mkunjo mmoja, pale mwanga usipofika, kulikuwa na kijani.

Ilikuwa pakiti. Mwanga ulikuwa umeila plastiki ikapasuka. Vitafunio vilikuwa vimeangukia kwenye trei ya maji, vikavimba, vikawa uji, na uji ukaziba tundu la bomba. Maji yalikosa pa kwenda. Na chini ya uji ule, kivulini, ukungu mweusi ulikuwa umeota mnene kuliko mara ya kwanza.

Nilimgeukia Bi. Kang. Sijawahi kupaza sauti kwa mtu mzima.

"Nani ameweka hii humu? Ni wewe! Ulikuwa unachungulia kila siku!"

"Mimi?" Akashika kifua. "Mtoto, mimi niliikuta! Tangu mlipoondoka siku ile niliiona kwenye kioo. Kila asubuhi napita, naichungulia, naiona ipo, moyo unatulia. Halafu ikaanza kupauka. Wiki hii kijani, wiki ile kijivu, mwisho ikawa njano. Njano! Nikasema, hii imepitwa na tarehe, mashine itaasi. Si nilikuuliza?"

"Kwa nini hukuitoa?"

"Nani anatoa pakiti ya mashine ya mwenzake? Wewe ungeitoa?"

Nisingeitoa.

"Ni mimi," Baba akasema.

Hakuwa amegeuka. Alikuwa ameushika mlango wa mashine kwa mikono miwili.

"Mama yake ndiye aliyekuwa akiweka," akamwambia Bi. Kang. "Kila kazi. Mimi nilikuwa namcheka. Hii ilikuwa mashine ya kwanza bila yeye. Nikanunua. Nikaangalia tarehe, kama alivyokuwa anafanya. Ila sikujua anaiweka wapi."

"Lakini wewe ni fundi," Bi. Kang akasema. "Wewe mwenyewe unajua hiyo taa inakula plastiki."

"Najua."

"Sasa?"

"Siku ile sikufikiri kama fundi."

Funguo za Bi. Kang zikanyamaza. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia:

"Juu, fundi. Inawekwa juu. Nje."

"Nimejua sasa."

"Nani anambembeleza mtu kwa kumtia chakula puani?"

Baba alitoa sauti. Nilidhani amekohoa. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na Bi. Kang naye akaanza kucheka huku amefunika mdomo, na mimi nikasimama katikati yao na tochi.

Miaka yote ile Baba alikuwa anatangulia garini na vifaa. Hakuwahi hata mara moja kuiona pakiti mahali pake. Mimi, niliyekuwa nikibaki na Mama siku nilizokwenda nao, nilipaona kila mara. Hakuniuliza, na mimi sikusema kwamba juu hapana kitu.

Tuliuchota ule uji kwa mwiko wa jikoni. Tulisugua trei, tukapitisha waya kwenye bomba, tukamwaga maji ya moto. Bi. Kang aliinama akasugua pamoja nasi, funguo zake zikigonga bati. Hakuzungumza tena juu ya kung'oa taa. Tulipomaliza alishuka, akarudi amelowa, na pakiti mpya mkononi. Aliangalia tarehe, akanipa mimi niangalie, halafu akampa Baba.

Baba aliiweka juu ya mashine. Akaisogeza kidogo kushoto.

"Hivi?" akaniuliza.

"Mama alikuwa akiigeuza uso utazame mlango."

Akaigeuza.

Juni 12

Nimelala.

Juni 14, Jumatano

Hakuna maji sakafuni. Harufu imepungua, kikohozi bado. Bi. Kang alinipa embe lililokatwa. Nilimwomba radhi kwa kumpigia kelele. Akasema, "Kula."

Juni 17, Jumamosi

Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta Baba chumbani kwake amefungua kiyoyozi chao, yeye na Mama, na kukitandaza chote sakafuni juu ya magazeti. Alikuwa anasugua feni kwa mswaki.

"Bibi atakapokuja atalala humu," akasema. "Mimi sebuleni."

Hakusema akija. Alisema atakapokuja.

Juni 18, Jumapili

Bibi amekohoa asubuhi, mchana hakukohoa. Bibi Tu ameanza tena kumtukana. Ni dalili nzuri.

Juni 20, Jumanne

Daktari alikuja saa za shule. Nilikaa darasani nikitazama mvua kwenye kioo, na Mwalimu Liao akaniuliza swali nikamwomba alirudie. Sijawahi.

Bi. Kang alipiga simu jioni. Nilipokea mimi.

"Kifua hakijawa safi chote," akasema. "Lakini kinasafishika. Daktari amemruhusu. Jumatatu mumrudishe apimwe, na akianza kukohoa vibaya mnamleta saa hiyohiyo, hamngoji kupambazuke. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Na mwambie huyo bibi yako asiondoke na mto wetu."

Juni 22, Alhamisi. Sikukuu

Bibi yupo jikoni.

Alifika asubuhi, Baba amembeba mgongoni kupandisha ngazi kwa kuwa jengo letu halina lifti. Njia nzima alikuwa anamwelekeza. "Kushoto. Ngazi hiyo ina unyevu. Wewe Chuang, unapumua kama mimi." Mlangoni aliinua pua akanusa. Tulisimama tukingoja, mimi na Baba.

"Sabuni," akasema. "Haya. Niteremshe."

Tulikaa watatu kuzunguka beseni la mchele wa kunata. Karanga, uyoga, nyama, viini vya mayai ya chumvi. Bibi alikunja majani, mimi nikajaza, Baba akafunga. Vifurushi vya Baba vilifumuka sufuriani kimoja baada ya kingine.

"Mtu anafunga mabomba mchana kutwa," Bibi akasema, "kifurushi cha wali kinamshinda."

"Mabomba yana nati, Mama," Baba akamjibu mkwewe.

"Wan-ju," Bibi akaniita, "mwekee kidole."

Ilikuwa kazi ya Mama: unaweka kidole chako juu ya fundo la kwanza ili lisilegee, mwenzako anakaza la pili. Nikaweka kidole. Baba akakaza, kifurushi baada ya kifurushi, na kamba ikawa inakibana kidole changu palepale kila mara. Vile tulivyofunga pamoja havikufumuka. Baada ya muda sikuwa nakihisi kidole tena, nikaendelea kukiweka.

Bibi alikohoa mara moja. Sote tukaacha mikono. Akatutazama.

"Ni mvuke," akasema. "Fungeni."

Tulikula. Nilipeleka vifurushi viwili mbele ya picha ya Mama. Kisha Bibi akamwambia Baba, "Na lile blanketi? Au unangoja theluji?" Baba akaenda chumbani. Nilimsaidia kushika pembe. Tulilikunja mara mbili, tukakutana katikati, akachukua pembe zangu mikononi mwangu.

Hapo ndipo kidole kikaanza kuchoma. Damu ilikuwa inarudi. Kilichoma hadi kwenye kiganja, hadi kwenye kifundo cha mkono, nikawa nimesimama namshikilia Baba shati na siwezi kupumua vizuri.

"Nimekukazia mno," Baba akasema. Aliuchukua mkono wangu, akaanza kuusugua. "Pole. Niutie maji baridi?"

"Hapana," nikasema. "Acha iume kidogo."